Gramafoni Niliyomuundia Baba

Baba yangu aliuanza uziwi wake kwa kuukataa. Ukimwambia, "Baba, ugali uko mezani," anakujibu kwamba mvua haitanyesha leo. Ukirudia kwa sauti kubwa, anakukemea: hukulelewa kupiga kelele ndani ya nyumba. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia yetu kwa miaka mingi, mtu aliyeweza kumkamata mwimbaji mmoja anayekosea katikati ya watu arobaini, na hakuwa tayari kuambiwa na yeyote, sembuse binti yake, kwamba masikio yamechoka. Nilimtoa kijijini nikamleta kwangu Mollo, pembeni ya mji wa Sumbawanga, baada ya kugongwa na baiskeli. Mwenye baiskeli aliapa kwamba alipiga kengele tangu juu ya kilima, mzee anatembea katikati ya njia na mambo yake.

Hospitalini walimchunguza, halafu wakaniita pembeni. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia nalo linakwenda. Hakuna dawa, wakasema, zungumza naye sana maadamu bado anasikia kidogo. Mimi siwezi kukaa na jambo moyoni. Tulipofika nyumbani nilimkalisha nikamwambia yote, nikipaza sauti mpaka jirani akachungulia dirishani. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akaenda kwenye sanduku lake la bati, akapekua chini ya koti la misa, akarudi na santuri iliyoviringishwa ndani ya kanga.

"Basi nataka nimsikie mama yako," akasema, "kabla sikio halijafunga."

Niieleze hiyo santuri. Kabla sijazaliwa, wageni fulani wa misheni walikuja na mashine zao wakarekodi kwaya ya baba kanisani. Baada ya muda mrefu zikaletwa santuri mbili, moja ya parokia, moja ya mwalimu. Wimbo ulikuwa mmoja, alioutunga baba mwenyewe. Unaanza na ngoma na wanaume peke yao, beti mbili nzima, halafu ubeti wa tatu anaingia mwanamke mmoja juu yao. Mwanamke huyo ni mama. Alifariki nikiwa na miaka minne, hata thelathini alikuwa hajafikisha. Uso wake ninao kwenye picha moja. Sauti yake nilikuwa siijui kabisa. Gramafoni ya parokia iliharibika zamani, santuri yao ikapotea, na hii ya baba ililala sandukuni zaidi ya miaka ishirini bila mtu kuipiga.

Nikasema, haya, si jambo gumu, nitanunua gramafoni. Thubutu! Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo nikiwa msichana yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa yalikuwa yamejaa mpaka kwenye baraza: redio kaseti za kila rangi, saa za ukutani, thermosi, viatu vya plastiki. Nilizunguka duka hadi duka. Kila ninapotaja gramafoni, kijana wa dukani ananitazama kana kwamba nimeulizia fedha za Mjerumani. "Mama, hizo zimepitwa. Chukua kaseti." Mmoja akanishauri niipeleke santuri Dar es Salaam, huko wapo wa kuihamishia kwenye kaseti. Santuri moja, haina pacha, niipakie kwenye basi kwa barabara ile ya kwenda Tunduma! Nilimpa za uso, nikaondoka.

Mimi ni fundi cherehani. Ruksa hiyohiyo iliyoleta redio ilileta mitumba, na mitumba ikanimaliza. Nani ashonewe gauni wakati gauni la Ulaya linauzwa chini kwenye turubai? Nikawa mtu wa kupunguza viuno vya suruali na kubadilisha zipu. Nilikuwa na muda, nikawa na hasira, na pesa sikuwa nazo. Kibanda kilichopakana na changu kilikuwa cha fundi redio, Msukuma, ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe zao kutoka kaskazini wakatua Ilemba, huku Rukwa. Jitu refu, lenye sauti nzito ambayo akicheka mabati yanaitikia. Nilimwekea santuri mezani nikamwambia, "Fundi, tunaunda gramafoni."

"Tunaunda? Mimi na nani?"

"Mimi na wewe. Wewe unajua waya. Mimi najua kitu kinachozunguka kwa mkanda, ndicho kilichonilea."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Lakini alikuwa na rundo la redio kaseti zilizokufa, maana nyingi za zile mpya zilikuwa hazimalizi mwaka, na jioni ileile akanichomolea mota kutoka kwenye moja. Mota ndogo, unaweza kuificha kiganjani. Hicho ndicho kilichokuwa kipande cha kwanza.

Sahani ya kulalia santuri aliniyeyushia mzee mmoja anayesubu sufuria nyuma ya soko. Nilimpelekea masufuria yangu matatu yaliyotoboka, na badala ya malipo nikamshonea kaptura ya kazi. Ilitoka nzito na nzuri, ila upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, nikashinda siku mbili nikiisugua kwa msasa, nikiizungusha, nikiisugua tena. Fundi akanikuta nimeishika kwa mikono miwili naitazama kwa mwanga.

"Ninyi watu wa Sumbawanga mkishika kitu cha duara," akasema, akinitania kwa ule uchawi wa ungo tunaosingiziwa, "mtu lazima aulize kinaruka saa ngapi."

"Kikiruka, wewe ndiye abiria wa kwanza. Nakushusha Mwanza, tupumzike."

Sahani ilihitaji kukaa juu ya kitu kinachozunguka bila kuyumba. Nikachukua ekseli ya gurudumu la mbele la baiskeli, pamoja na gololi zake, nikaisimamisha wima ndani ya sanduku la mbao lililowahi kubeba majani ya chai. Nikaijaza grisi. Ukiisukuma kwa kidole inazunguka kimya mpaka unasahau kuwa umeisukuma. Nilijisikia raha, jamani, raha ambayo suruali za mitumba hazijawahi kunipa.

Mkanda ndio ulionitoa jasho. Nilianza na lastiki ya kiunoni, maana nilikuwa nayo mita kwa mita. Nikaiunga kwa mshono mdogo kadiri nilivyoweza, lakini kila mshono ulipopita kwenye mota sahani iliruka kidogo. Nikajaribu mkanda wa cherehani, mgumu mno, mota ikashindwa. Mwishowe nilikwenda kwa waziba pancha, nikaomba tyubu iliyochakaa ya lori, nikaikata kwa mkasi wa kitambaa kuizunguka unene wake, kama unavyokata pete ya kitunguu. Ikatoka pete moja nyembamba isiyo na mshono popote. Ilikaa kama imepimwa.

Mkono wa kushikilia sindano ulitoka kwenye antena ya redio. Mkono huo lazima uwe mwepesi upande wa sindano, usije ukaichimba santuri, na ili uwe mwepesi mbele lazima uwe na uzito nyuma. Fundi alitaka kufunga nati. Nikamwambia nati huwezi kuipunguza. Nilishona kifuko kidogo cha kitambaa, nikakitia ulezi, nikakifunga mkiani mwa antena. Ukitaka uzito zaidi unaongeza punje kumi. Ukizidisha unatoa tano. Fundi akakitazama kile kifuko kwa muda mrefu. Akairudisha nati yake mfukoni.

Ikabaki sindano yenyewe na kichwa chake. Hapo ndipo nilipojua kusubiri. Watu waliniambia tumia ya cherehani, wewe si unazo? Siwezi kuikwaruza sauti ya mama kwa sindano ya cherehani. Nilikuwa na mteja mmoja, mama wa kule Matai, aliyekuwa akishuka Kasanga ziwani na kupanda boti kwenda upande wa Zambia na maharage, akirudi na vitenge. Nikamwomba aniulizie huko. Safari ya kwanza akarudi mikono mitupu. Ya pili hivyohivyo.

Na mzee wangu huku anaendelea kuondoka. Mwezi mmoja bado alikuwa anasikia nikimwita kutoka jikoni. Uliofuata ilibidi nisimame mlangoni. Uliofuata huo nikawa naongea mbele yake, naye ananitazama midomo. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba fundi akija nyumbani na kusema "Shikamoo, mzee," kwa sauti yake ileile ya kila siku, baba anaitikia "Marahaba!" papo hapo, na wanazungumza habari za ng'ombe na mahindi bila taabu. Mimi, mwanawe, ninayempikia na kumfulia, nikifungua mdomo, kimya. Nilimwambia fundi waziwazi: mzee huyu ananifanyia makusudi. Anamsikia anayetaka kumsikia. Siku moja nililia kwa hasira, nikiosha vyombo kwa nguvu mpaka nikavunja bakuli.

Safari ya tatu mama wa Matai alikuja moja kwa moja kibandani, hajapita hata nyumbani kwake. Akatoa kifuani kiberiti kilichofungwa kwa uzi. Ndani, kwenye pamba, kichwa cha gramafoni na sindano yake. Alikipata kwa karani mmoja mstaafu ambaye gramafoni yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nilimshonea gauni la harusi ya binti yake, lenye mabega ya kupanda kama alivyotaka, na sikuwahi kushona mshono ulionyooka vile.

Tukaunganisha. Waya mbili kutoka kichwani zikaingia kwenye redio ya fundi, mota ikapata betri. Fundi akaishika santuri, akaigeuza kwenye mwanga.

"Karatasi ya katikati imeliwa na mende. Hii inataka mwendo gani?"

"Mwendo gani kivipi?"

"Zipo za kwenda taratibu na zipo za kwenda mbio. Naweza kukadiria." Alikuwa amekizungushia kigurudumu cha mota utepe, kukinenepesha, maana kigurudumu kikinenepa sahani nayo inaongeza mwendo.

"Usikadirie. Wimbo wenyewe naujua. Nimeuimba tangu nina akili."

Na kweli niliujua. Parokia yetu nzima huuimba makaburini, jeneza linapoteremshwa, pole pole, kila neno likiburutwa. Nimeuimba kwa majirani, kwa shangazi, kwa bibi. Tulipoteremsha sindano mara ya kwanza, ngoma zikatoka zikikimbia, nikasema hapana, ebo, hii siyo, punguza. Fundi akabandua utepe kidogo. Punguza tena. Akabandua wote. Mpaka wanaume wakaimba kwa mwendo ule hasa ninaoufahamu, mwendo wa makaburini, nami nikaimba nao nikaona tumekwenda sawa.

"Mbona mabesi haya ni mazito namna hii?" fundi akauliza.

"Wafipa wa zamani walikula ulezi. Siyo ninyi na maziwa."

Kabla ubeti wa tatu haujafika, nikainua sindano. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mama nitamsikia pamoja na baba, siyo kabla yake.

Jumapili, baada ya misa, nilimkalisha baba kwenye kiti cha mikono, sikio la kulia likielekea kwenye redio. Upepo wa Juni ulikuwa unavuma, nikafunga madirisha yote. Fundi alikuwepo, amevaa shati jeupe. Nikateremsha sindano. Baba akainama, akaweka kiganja juu ya sanduku. Ngoma zilipoanza akakunja uso.

"Nani amekufa?" akauliza.

Hatukuelewa. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kisha ikaingia sauti nyingine, nzito, ya kukokota, sauti ambayo usingeweza kusema ni ya mwanamke au ya mwanamume. Nilihisi nimedhulumiwa. Miaka yote nimemwaza mama, huyu ndiye? Lakini baba aliinua kichwa, macho yakajaa, na machozi yakashuka bila yeye kuyafuta, mpaka wimbo ukaisha.

"Ni yeye," akasema. Kisha yule mwalimu wa kwaya akaamka ndani yake. "Lakini nani aliwaambia huu ni wimbo wa msiba? Huu ni wa kuvuna ulezi! Tuliuimba tukitupa miguu. Walipomzika mama yako ndipo wakaanza kuuburuta, na mimi sikuwa na nguvu ya kuwakataza. Mnamwimbisha matanga yake mwenyewe." Akapiga makofi kutuonyesha mwendo wake: mwepesi, wa kuruka. "Tengenezeni."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Fundi alijikaza, akashindwa, akacheka, nami nikacheka, na baba akatucheka sisi.

Wiki nzima nilikizungushia utepe kile kigurudumu, tabaka juu ya tabaka, nikilinganisha na makofi ya baba. Jumapili iliyofuata tukakaa tena. Ngoma zikatoka zikiruka. Baba akatabasamu, kiganja kwenye sanduku, mguu ukipiga sakafu. Ubeti wa pili ulipokaribia kwisha akainua mkono wa kulia hewani, kama alivyokuwa akifanya mbele ya kwaya, akauelekeza pembeni pale ambapo bila shaka alikuwa akisimama mama. Akaushusha. Na mama akaingia.

Jamani. Sauti nyembamba, safi, changa, sauti ya msichana aliye na haraka ya kwenda kucheza. Ilipanda juu ya wale wanaume wote ikakaa huko, haina wasiwasi. Ilikuwa na namna ya kulimalizia neno kwa kulikata, namna ninayoifanya mimi nikiimba, na ambayo nilikuwa nikidhani nimeizua mwenyewe. Nilisimama katikati ya chumba nikalia kama mtoto.

Nilipomtazama baba, mkono wake ulikuwa umerudi juu, unangoja.

"Mbona haingii?" akauliza.

"Ameingia, baba!"

"Eh?"

"Ameingia! Anaimba!" Nilipiga magoti nikamwambia sikioni, kwa sauti yangu yote. Akanitazama midomo, akaelewa, akageukia redio, akabana jicho kwa jitihada. Alishusha mkono na kuuinua tena, kama mwimbaji amekosa zamu na anapewa nyingine. Mama aliimba ubeti wote, akaimba na wa nne, akamaliza.

"Nawasikia wanaume tu," baba akasema.

Fundi ndiye aliyeng'amua. Aliniambia polepole, akiangalia sakafu: "Dada, mzee anasikia nzito. Nyembamba zimeshaondoka. Ndiyo maana mimi ananisikia, wewe hapana." Nikakaa chini palepale. Miezi yote ile nilimkasirikia bure. Nilikuwa naye chumba kimoja, nikimpigia kelele kwa sauti ambayo kwake haipo, na kadiri nilivyokasirika ndivyo sauti yangu ilivyopanda.

Nitasema ukweli, sikutaka kuugusa ule utepe, ingawa nilijua mwendo ukipungua sauti ya mama inashuka na kuwa nzito. Ndiyo kwanza nilikuwa nimempata mama, dakika mbili tu, na sindano ilikuwa moja, na nani anajua ingeishi mara ngapi. Lakini baba bado alikuwa ameegemeza kichwa kuelekea redio, na kanga iliyofungia santuri ameishika mapajani. Nikachukua mkasi wangu mdogo, nikakata utepe, nikaubandua wote mpaka chuma kikabaki kitupu.

Wanaume wakaburuta. Ngoma zikazama. Baba, ambaye nimesimuliwa kwamba aliwafukuza watu kwaya kwa kosa la kuvuta mwendo, hakusema neno kuhusu mwendo. Ubeti wa tatu, ile sauti nzito ikaingia, na mkono wake ukaifuata mpaka mwisho, taratibu, bila kuiharakisha. Nilipoinua sindano nikamwonyesha kwa vidole: turudishe mbio? Akatikisa kichwa.

"Acha hivyohivyo." Akapangusa macho kwa ile kanga. "Amezeeka vizuri, mama yako."

Nikainama karibu na sikio lake, nikamwambia ndiyo, kwa sauti nzito kabisa niliyokuwa nayo.